Chupa Mbili za Grace Wambui

Siku ya kuniaga, vijana wa maabara waliniletea keki isiyo na jina langu. Juu ya krimu ya waridi walikuwa wameandika nambari tu, tarakimu nne, kwa kuiga mwandiko wangu, saba zikiwa zimekatwa katikati jinsi ninavyozikata. Walicheka sana, na mimi nikacheka, ingawa keki yenyewe ilikuwa kavu. Kiptoo, ambaye ndiye nimemwachia benchi langu, alisimama akasema kwamba kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kuniona nikifungua chupa ya damu isiyo na nambari, na kwamba siku moja nilimrudisha kutoka stendi ya basi aje kuandika nambari aliyoisahau. Akaniuliza mbele ya watu ni nani aliyenitia hofu hiyo. Nilimwambia jibu ni refu na chai inapoa, nitaliandika nikitulia nyumbani. Sasa nimetulia, na kabati za jikoni nimezipanga upya mara mbili, kwa hivyo sina kisingizio.

Anayetaka kujua nilipanda vyeo vipi au nililipwa nini aende ofisi ya wafanyakazi. Faili langu liko pale, limejaa fomu za likizo. Mimi nataka kuandika kuhusu chupa mbili.

Nilianza kazi katikati ya mji wa Nairobi, kwenye maabara iliyokuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu. Lifti ilikuwa imeharibika siku niliyofika, na ilikuwa bado imeharibika siku tulipohama, na hapo katikati ndipo yalipoishia magoti yangu. Nilikuwa nimetoka Bungoma na cheti changu ndani ya bahasha ya khaki, nikiwa na hakika kwamba kabla ya saa sita mchana nitakuwa nimeshagundua ugonjwa. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mutiso, Mkamba mwembamba mwenye sauti ya chini na koti jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye mifuko. Alinipa kalamu ya wino mzito na chupa arobaini tupu, akaniambia niandike nambari mpaka saa ya chakula. Chupa tupu. Nilidhani ananidharau kwa sababu mimi ni mwanamke, au kwa sababu mimi ni Mluhya, au vyote viwili. Baada ya chakula alizikagua moja moja, akazifuta zote kwa spiriti, akaniambia nianze upya kwa sababu saba zangu zilifanana na moja.

Nilimwuliza kwa nini tusiandike majina kama watu wengine. Bwana Mutiso hakuwa mtu wa hotuba. "Jina mtu hupewa la mwingine," alisema. "Nambari haina shangazi." Kisha akanionyesha utaratibu wake: chupa ikifika mezani, kabla hujasoma fomu, kabla hujauliza ni ya nani, iandike nambari, uiandike na kwenye daftari. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kuwa na maoni. Niliufuata utaratibu huo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu anayekosea siku ya kwanza husamehewa ugeni wake, lakini mimi nilikosea nikiwa mkongwe.

Alipostaafu aliniachia rula ya chuma na friji. Friji ilikuwa mali ya maabara, lakini yeye peke yake ndiye aliyeelewana nayo. Mlango wake haukufunga bila kuzungushiwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, na ukiusahau mpira huo usiku mmoja, asubuhi unakuta dimbwi sakafuni. Humo ndani niliweka kila kitu kilichobaki: damu za ziada, dawa za kupima zilizofunguliwa nusu, vipande vya kazi za miaka iliyopita. Wenzangu waliita friji hiyo mitumba ya Nafula, yaani mimi. Kila mwezi mtu wa stoo aliniletea karatasi ya kuthibitisha kwamba nimetupa vyote visivyotakiwa, na kila mwezi nilitia sahihi bila kutupa hata kimoja. Nimeshastaafu, naweza kusema.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulihamishiwa Muthangari, kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ya kuishi watu. Jikoni pakawa chumba cha jeli, na chumba cha kulala cha watoto kikawa cha mashine ya kunakili jeni. Picha za katuni zilibaki ukutani hadi nilipoondoka. Mimi nilikuwa nimepanga Kileleshwa, kwa hivyo nikawa naenda kazini kwa miguu, na kwa mara ya kwanza sikupanda ngazi hata moja.

Hapo Muthangari ndipo alipokuja Daktari Odero, daktari wa ubongo, kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa na kitu kimoja kichwani. Kitu hicho kilikuwa kimeng'enya. Alikizungumzia wakati wa chai, wakati wa mkutano, na mara moja hata mazishini. Nilipomwambia kwamba sielewi kimeng'enya kidogo namna hiyo kinahusianaje na mtu kutetemeka mikono, aliweka kikombe chini.

"Madam, kwa ploti yenu huko Kileleshwa, nani anaangalia taka?"

Nikamwambia ni mlinzi wetu, Shikuku, ambaye kila Ijumaa hutia alama ya chaki kwenye magunia ya taka, kwa sababu wenye lori hubeba lenye alama tu.

"Na Shikuku akienda kwao ushago miezi mitatu?"

"Tunahama."

Alifurahi kama mwalimu aliyepata jibu. Kila seli, alinieleza, ina akina Shikuku wake. Protini ikichakaa au ikijikunja vibaya, kimeng'enya huibandika lebo ndogo, na chenye lebo hupelekwa kusagwa ili vipande vyake vitumike tena. Wabandikaji hao wako wa aina nyingi, kila mmoja na taka yake anayoijua. Mmoja wao huitwa parkin. Jeni yake ikiwa mbovu, seli za ubongo zinazosimamia mwendo hukosa wa kuzitilia alama taka zao. Hazijui kipi cha kutupwa na kipi cha kubaki, zinaziba polepole, zinakufa, na mtu anaanza kutetemeka akiwa na miaka thelathini kama aliye na sabini. Mimi niliyekuwa nimetumia maisha yangu kubandika lebo nilimsikiliza kwa makini kuliko alivyodhani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa daktari kunieleza ugonjwa na nikahisi anazungumzia kazi yangu.

Daktari alikuwa amepata familia moja ya mtaa wa Waithaka iliyokuwa na tetemeko hilo. Jumamosi moja alienda huko na nesi, wakatoa damu ya karibu boma zima. Mimi sikwenda. Tena sikuambiwa ni nani mgonjwa na ni nani mzima, kwa sababu ndivyo kipimo kinavyofanywa vizuri: mtu wa maabara akijua anachotarajia, macho yake humfanyia hisani. Kwa hivyo haya ninayoyaeleza sasa niliyajua baadaye, nilipokuwa nimeshaharibu.

Familia hiyo ilikuwa ya Karanja, wenyeji wa Waithaka tangu enzi za mashamba, wenye ng'ombe wachache na nyumba za kupangisha. Nyanya yao, Grace Wambui, alianza kutetemeka watoto wake wakiwa bado wadogo, akafa akiwa hawezi kushika kijiko. Sasa, kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na watoto wa Karanja hawakuchukua Wambui peke yake, walichukua na jina la ubatizo. Tena wote waliandikishwa shuleni kwa jina la baba yao, Karanja, wakalirithisha na watoto wao. Ndugu wawili, kila mmoja na binti wa kwanza, na kila binti akaitwa Grace Wambui Karanja, herufi kwa herufi. Na jina hilo si la kuitia tu. Baba humwita binti huyo Mami, kwa kuwa ni mama yake aliyerudi.

Hakuna mtu wa Nairobi asiyejua desturi hiyo. Mimi mwenyewe nimerithi jina la nyanya yangu. Niliijua siku ile kama ninavyoijua leo, isipokuwa kwa ile dakika moja nilipoihitaji.

Trei ya damu ilinifikia saa nane mchana, na kampuni ya umeme ilikuwa imetangaza kwamba stima itapotea saa kumi. Chupa zilikuwa tisa, zenye vifuniko vya zambarau, majina yakiwa yameandikwa kwenye plasta kwa mkono wa nesi. Nilipaswa kuziandika nambari kwanza. Badala yake nilijiambia niangalie kwanza kama kuna zilizorudiwa, nisipoteze nambari bure. Nikaona chupa mbili za Grace Wambui Karanja. Nikaangalia orodha, nikaona Grace Wambui Karanja kwenye mstari wa nne na tena kwenye mstari wa saba. Manesi hutoa chupa mbili kwa mtu mmoja mara nyingi, na huyu, nilijisemea, amemwandika mara mbili pia kwa sababu hajui kuhesabu. Nikachukua rula ya chuma ya Bwana Mutiso, nikaufuta mstari wa saba kwa unyoofu mzuri sana. Chupa ya pili nikaiandika "akiba", nikaisukuma nyuma ya friji. Zile nane zilizobaki nikazipa nambari, na stima ilipopotea nilikuwa nimeshamaliza, nikajipongeza.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Mashine hunakili kipande cha jeni ya parkin, kisha nakala hizo huvutwa kwa umeme ndani ya jeli. Ukiiwasha taa chini yake, mwenye angalau nakala moja nzima ya jeni huonekana kwa mstari unaong'aa. Aliyepotelewa na zote mbili, ya baba na ya mama, hana mstari. Chini yake kuna mstari mwingine wa ushahidi, wa jeni tofauti, wa kuonyesha kwamba mashine imefanya kazi na kosa si lake. Wawili hawakuwa na mstari: kaka mmoja wa familia hiyo, na Grace Wambui Karanja. Mstari wa ushahidi ulikuwepo kwa wote. Nilimpigia Daktari Odero, aliyekuwa ameenda Siaya kumzika mjomba wake, nikamsomea majina hayo mawili. Alisema ndivyo alivyotarajia, kwa maana Grace anayetetemeka alimjua. Akaniambia nimpe majibu daktari kijana aliyemshikia nafasi, ambaye hajawahi kukanyaga Waithaka.

Jumanne alikuja msichana wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa nasari, nguo safi, mkoba mwekundu. Alitaja jina lake, nikampelekea daktari karatasi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia nikabaki nimesimama mlangoni. Yule daktari alimsomea vizuri, kwa upole, kwamba jeni hiyo kwake haipo kabisa. Msichana hakulia. Aliuliza itaanza lini. Daktari akamwambia hakuna ajuaye. Basi akaitoa mikono yake kwenye mkoba, akailaza juu ya meza, na sote watatu tukaiangalia. Ilikuwa imetulia tuli.

"Nilikuwa nishajua," alisema. "Mimi ndiye niko na jina yake."

Nilirudi kwenye benchi langu nikiwa na huzuni ya kawaida, ile ya mtu wa maabara, ambayo hupungua ukinawa mikono. Sikufikiri zaidi.

Siku tisa baadaye alikuja mwanamke mwingine, mkubwa kidogo, miaka thelathini na kitu. Alikaa kwenye kiti cha kungojea akiwa ameubana mkono wa kulia kwa wa kushoto, na hata hivyo mkono ulikuwa ukicheza. Alisema amekuja kuchukua jibu lake. Grace Wambui Karanja. Nilimwambia, bila hata kuinua macho kutoka kwenye daftari, kwamba jibu hilo alikwisha kulichukua, Jumanne ya wiki iliyopita.

"Hiyo wiki mimi sikutoka nyumba, madam. Mkono ilikuwa imekataa hata kufunga kamba ya viatu."

Niliinua macho. Nikamwuliza ni nani mwingine anayeitwa hivyo.

"Dada yangu, wa baba mdogo. Tuko wawili. Sisi wote ni cucu," akasema, yaani wote ni nyanya. Alisema kwa wepesi, kama kitu ambacho hata mtoto anakijua.

Nilishika ukingo wa benchi. Yeye akaendelea kunieleza, akidhani nauliza kwa kupenda habari, kwamba huyo dada yake ameambiwa ugonjwa uko ndani yake. Amemwambia mchumba wake awarudishe wazee, waache mipango ya ruracio, mahari isiletwe, kwa sababu yeye hataki kuzaa mtoto aje kumlisha mama yake kwa kijiko. Familia nzima imekubaliana kwamba tetemeko linafuata jina, na hakuna atakayeitwa Grace Wambui tena. Nilimwomba anisubiri dakika moja. Nilifungua mpira wa baiskeli, nikaingiza mkono hadi nyuma ya friji, nikapapasa kati ya takataka zangu za miaka, nikaipata. Akiba. Naona aibu kusema kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha.

Daktari Odero alikuwa amerudi. Nilifunga mlango wa ofisi yake nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikiwa nimeshika ile chupa mbele yake. Barua ya kujiuzulu nilikuwa nimeshaitunga kichwani hadi kwenye "wako mtiifu". Alivua miwani, akaisoma plasta ya ile chupa.

"Hii ulitaka kuitupa lini?" aliuliza.

"Sijawahi kutupa kitu, daktari. Uliza wenzangu."

"Basi tuko na kazi," akasema.

Tuliipima siku hiyo hiyo. Ilikuwa na mstari, mnene, unaong'aa. Grace mmoja alikuwa mzima. Nilivua koti nikaanza kutafuta mkoba wangu, niende Waithaka mara moja, lakini daktari alinizuia. Chupa zote mbili zilikuwa na jina moja, na hakuna mtu aliyekumbuka ni ipi iliyotoka kwenye mkono upi. Akili ilituambia kwamba asiye na mstari ni yule anayetetemeka, lakini akili ndiyo iliyoniambia pia kwamba nesi hajui kuhesabu. Hatungemwambia yule msichana jambo lolote kwa kukisia mara ya pili. Tungetoa damu upya, kwa wote wawili. Niliomba niende mimi mwenyewe, na nikasema mimi ndiye nitakayeeleza kosa.

Waithaka walinipokea sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Kina Grace wote wawili walikuwepo, na Mzee Karanja, baba ya yule mdogo. Nilisimama kueleza, kwa sababu sikuweza kusema jambo hilo nimekaa. Niliwaambia chupa zilikuwa mbili, nikadhani ni za mtu mmoja, nikaiweka ya pili kando, na jibu likaenda kwa aliyefika kwanza. Nikasema inawezekana lilikuwa jibu lake na inawezekana halikuwa. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Mzee Karanja aliangalia sakafu tu, akasema neno moja la pekee alilolisema siku hiyo: "Hilo jina ni mimi nilimpa."

Nilitoa chupa mbili mpya, na kabla sijagusa sindano niliziandika nambari, mbele ya macho yao, nikamwomba kila mmoja aisome nambari yake kwa sauti. Walisoma. Nilitoa damu, nikafungasha. Chai haikuletwa, na msomaji wangu anajua maana ya kutoka kwenye nyumba ya watu wa Waithaka bila kupewa chai.

Grace mdogo alinisindikiza hadi kwenye geti. Nilimwambia nasikitika, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari. Nilimwuliza kuhusu mchumba wake, akasema yule kijana amekataa kuwarudisha wazee, eti atangoja, na ukaidi wake unamchosha. Nikaona hapo kuna mwanamume mwenye akili, lakini sikusema. Halafu akaniambia kilichokuwa kikimuuma.

"Tangu nilete hiyo karatasi, baba haniiti Mami. Ananiita Grace. Kama hedimasta."

Kesho yake nilinakili jeni asubuhi na kuiendesha jeli kuanzia saa nane. Jeli huchukua saa moja na robo, na hakuna namna ya kuiharakisha. Niliosha upya glasi zote zilizokuwa safi. Nilipanga chupa tupu kwa ukubwa. Daktari Odero alikuja mara nne kuuliza kama nimeona kalamu yake, na mara zote nne kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Niliomba Mungu stima isipotee, nikaahidi mambo ambayo mengine bado sijayatimiza. Saa ilipotimia tuliingia jikoni, tukashusha blanketi kwenye dirisha, nikavaa miwani ya kinga, nikawasha taa.

Mistari ya ushahidi: yote ipo. Nambari ya kwanza, Grace mkubwa: hakuna kitu juu yake. Nambari ya pili, Grace mdogo: mstari. Ulikuwa pale, umenyooka, unang'aa rangi ya machungwa. Nilisoma nambari mara tatu kwa sauti, nikakalia ndoo iliyokuwa karibu, nikalia kama mtu aliyefiwa, ingawa kilichonipata kilikuwa kinyume kabisa cha kufiwa. Daktari alinipiga piga begani.

"Madam, picha kwanza," akasema. "Utalia tukishapiga picha."

Tukapiga picha, nikaandika nambari nyuma yake.

Jumamosi tulienda wote wawili. Sebule ilikuwa imejaa kuliko mara ya kwanza, shangazi na wajomba hadi kwenye viti vya plastiki mlangoni. Daktari aliwaonyesha ile picha, akawaeleza habari za Shikuku na magunia yake, na wakaelewa upesi, kwa kuwa ni watu wenye wapangaji. Aliwaambia nyanya yao alikuwa na nakala zote mbili mbovu, na kila mtoto wake alirithi moja, lakini wote wako sawa kwa sababu nakala waliyopewa na baba yao ni nzima, na Shikuku mmoja anaitosha ploti. Mama ya Grace mkubwa naye, bila kujua, alibeba nakala mbovu kutoka kwao, ndiyo maana Grace huyo na kaka yake walikosa kabisa. Grace mdogo anayo nzima. Ugonjwa huu hautamjia.

Aliyezungumza kwanza alikuwa Grace mkubwa, na nilimwogopa, kwa sababu siku hiyo yeye hakuletewa habari njema. Mkono wake ulikuwa ukicheza juu ya goti na hakuuficha.

"Kwa hivyo si jina," alisema.

"Si jina," daktari akamjibu. "Hata ungeitwa Elizabeth."

Alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua gunia. Alisema kwa miaka sita amekuwa akigombana na nyanya yake kwenye maombi, na sasa itabidi amwombe msamaha, na maombi hayo yatakuwa marefu. Daktari alikuwa ameshamwanzishia vidonge, na kabla ya mwaka kuisha alirudi kwenye cherehani yake, si kwa siku zote, lakini kwa siku nyingi. Nilipata sketi ya samawati kutoka kwake, ninayo mpaka leo.

Grace mdogo alikuwa ameishika ile picha kwa mikono miwili, anautazama ule mstari. Wote sasa walikuwa wakimwangalia baba yake. Mzee Karanja alikuwa ameinama vilevile kama siku ya kwanza, viwiko juu ya magoti, kofia mkononi. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mami, wageni hawajapewa chai."

Binti yake alisimama haraka, picha ikaanguka, hakuiokota. Tuliisikia jikoni milio ya vikombe, kisha kimya kirefu kidogo, kisha milio tena. Alipotoka na birika macho yake yalikuwa mekundu, akaanza kumimina, wa kwanza akiwa baba yake na wa pili mimi. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno, na mimi huwa siweki sukari. Nilikunywa vikombe vitatu.